Hisa za Bibi na Safari ya Makka

Miaka niliyofanya kazi benki, mwajiri wangu nilikuwa nakaa naye nyumba moja. Alikuwa bibi yangu, mama yake mama, muuza mawese wa Ujiji, na alikuwa na hisa katika benki ile tangu mimi sijajua hata kufunga tai. Asubuhi nikitoka alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, chupa zake zimepangwa mbele yake, nyekundu kama jua la jioni. Alinitazama viatu kwanza, kisha akasema, "Mume wangu, usichelewe kazini kwangu." Majirani walicheka, nami nikacheka. Naanza na kicheko hicho kwa sababu kilikuwepo. Anayesoma yanayofuata anaweza kudhani nyumba yetu haikuwahi kuwa nacho.

Ilikuwa benki ndogo ya mkoa. Makao yake makuu yalikuwa ghorofa moja Kigoma mjini, ikawa na tawi Kasulu, tawi Kibondo, na kidirisha pale Kibirizi kwa ajili ya wachuuzi wa dagaa. Hata hivyo hisa zake ziliuzwa kwenye soko la hisa Dar es Salaam, pamoja na za mabenki makubwa na viwanda vya saruji. Jioni, kwenye televisheni, jina lake lilipita chini ya uso wa mtangazaji likiwa na bei yake, na bei hiyo ilikuwa ileile ya jana na ya juzi.

Bibi alinunua hisa zile nikiwa kidato cha pili. Benki ilikuwa inatafuta mtaji, na wauzaji waliweka meza yao nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Kijana mmoja aliyetoka Dar, aliyevaa koti kwenye jua lile, aliwaeleza watu kwamba mwenye hisa hapewi riba. Riba ni ya anayeweka amana. Mwenye hisa ni mwenye mali, biashara ikipata anapata, ikikosa anakosa. Bibi alimwelewa kuliko kijana alivyojielewa mwenyewe. Babu yangu alikuwa mfanyabiashara wa kwenda Kongo, na wazee wa Ujiji walikuwa na desturi yao. Huyu alitoa chumvi ya Uvinza, yule sabuni, mwingine mawese, wakajaza boti moja ikavuka ziwa. Iliporudi walikaa mkekani, wakatoa gharama, wakagawana kilichobaki, na ushirika ukaishia hapo. Anayetaka safari nyingine aliingia tena, asiyetaka alibeba chake akaenda nyumbani.

Kwa hiyo kijana aliposema hisa, bibi aliiona boti. Alikuwa na fedha ya mawese aliyoiweka kidogo kidogo tangu awe mjane, fedha ya kwenda Makka, na ilikuwa haijafika hata nusu ya safari. Akaipakia yote kwenye boti ile ili irudi imenenepa.

Kila mwaka gawio liliingia kwenye simu yake, dogo, likitangazwa kwa mlio. Alinipa simu nimsomee, kisha akauliza kama chombo kimefika. Hakutaka gawio. Alitaka hesabu ifungwe achukue chake. Nilimjibu bado, kinaendelea na safari. Alitikisa kichwa na kusema hajapata kuona nahodha asiyetia nanga namna hiyo.

Nilipomaliza chuo nikaajiriwa humo humo, alitembea mtaa mzima akitangaza kwamba sasa ana mtu wake ndani.

Na ndani nilipenda, sitaficha. Nilikuwa na hadithi kichwani muda wote, na benki ni mahali ambapo mtu anaona maisha ya mji mzima yakipita kwenye kidirisha. Noti za Kibirizi zilikuja na unyevu na harufu ya dagaa. Mishahara ya walimu ilikuja mwisho wa mwezi. Fedha za halmashauri zilikuja kwa mkupuo zikakaa zikisubiri mradi. Wazee walileta akiba ya mazishi yao. Hizo zote ni amana, na benki huzilipia kidogo sana au haizilipii kabisa. Kisha fedha hizo hizo zilitoka kwa mlango mwingine. Mwalimu alikopa, na marejesho yake yalikatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi. Mchuuzi wa dagaa alikopa kwa bei ya juu zaidi, kwa sababu tulimwogopa zaidi. Fedha tulizoogopa kumpa mtu yeyote tuliikopesha serikali kwa kununua hati fungani, tukakaa Kigoma tukisubiri riba yake ikomae. Juu ya hapo kulikuwa na makato ya kutoa, kutuma na kuuliza salio. Mshahara wangu, umeme, walinzi, gari la meneja, vyote vilitoka katika nafasi iliyopo kati ya bei tuliyonunulia fedha na bei tuliyouzia.

Meneja wa tawi letu alikuwa mtu wa upande wa Kidahwe, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Wateja waliotoka Kasulu aliwasalimu kwa Kiha na wakasahau foleni. Wiki yangu ya kwanza alinikalisha ofisini mwake akaniambia sisi ni wachuuzi wa muda. "Tunanunua muda wa mama wa Ujiji kwa jumla," alisema, "tunamuuzia mwalimu wa Kasulu kwa rejareja." Niliona ni sentensi nzuri. Nilitembea nayo mdomoni siku kadhaa kama mtu anayemung'unya pipi.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa namsaidia bibi kumimina mawese kwenye chupa. Kule msikitini walikuwa wameanza kuandikisha mahujaji wa mwaka unaofuata, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua wakati wa kusujudu. Alisema akizidi kuchelewa atakwenda amebebwa. Akaniuliza kama chombo chetu kinaweza kuombwa kitie nanga, angalau ashuke yeye peke yake. Nikamweleza kwamba hisa hazifungwi. Mwenye hisa anayetaka kutoka anamuuzia mwingine sokoni Dar es Salaam, na bei yake ilikuwa imepanda kidogo tangu anunue, kwa hiyo pamoja na akiba yake mpya ya mawese, safari ilikuwa imetimia au karibu itimie. Alifurahi. Aliimba kidogo huku anamimina.

Halafu akauliza swali la mfanyabiashara, bila nia nyingine yoyote.

"Hivi sisi tunauza nini, mume wangu?"

Nikamjibu kwa sentensi ya meneja. Hakucheka. Akaweka faneli chini na kuanza kuuliza moja moja, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza njia. Huyo mwalimu akichukua, anarudisha na ziada? Ndiyo. Anajua ziada hiyo kabla biashara yake haijapata wala kukosa? Ndiyo, imeandikwa. Na akichelewa? Inaongezeka.

"Ziada hiyo ndiyo gawio langu?"

"Baada ya kulipa matumizi na mishahara, Bibi."

"Na mshahara wako?"

"Na wangu."

Akanawa mikono kwa sabuni yake ya mawese, akaifuta taratibu, kidole kwa kidole, akaingia ndani. Chupa nilimalizia kumimina peke yangu.

Jumatatu yake alikwenda kwa shehe wa msikiti wetu, mtu mpole aliyewahi kumfundisha mama yangu kusoma. Nilimsindikiza. Shehe alimwambia Mungu hamshiki mtu kwa asilolijua, ila tangu siku ajue, atoke. Mtaji aliotia ni wake, auchukue. Ziada ya miaka yote, yaani gawio na hata kile kilichoongezeka kwenye bei, si yake. Aitoe, na asiitoe kama sadaka, kwa sababu hakuna thawabu ndani yake. Ipelekwe mahali ambapo hailiwi wala haivaliwi. Watu wengi, alisema, huijengea choo. Bibi aliuliza jambo moja tu, kama bado anaweza kwenda Makka. Shehe akamwambia anaweza, kwa mtaji wake safi utakapotoka, bila senti ya kitu kingine.

Gawio la miaka yote alikuwa ameshalitumia, sukari, dawa, sare za wadogo zangu. Ilibidi alirudishe kutoka mfukoni. Aliuza cherehani yake na mawese yote ya msimu ule, na choo kikajengwa Kibirizi, karibu na vichanja vya kuanikia dagaa, mahali ambapo akina mama wa uanikaji walikuwa wanajisitiri nyuma ya mawe. Siku kilipofunguliwa walimzunguka wakimwombea Mungu amlipe. Bibi aliinua mkono kila mara na kuwasihi waache, wasimwombee kwa hilo. Wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kumwombea. Nilimwona anageuka kuelekea ziwani, mtandio umefunika mdomo, akisubiri wamalize.

Mambo ya chakula yalianza bila neno. Kwanza ilikuwa sukari. Niliileta, akawawekea wengine, chai yake akainywa bila sukari. Kisha mchele. Kisha akanunua sufuria ndogo, akawa anasonga ugali wake wa muhogo uliotoka kwenye kishamba chake cha Ilagala, na dagaa aliowanunua kwa fedha ya chupa zake mwenyewe. Shehe hakumwambia afanye hivyo. Nilikwenda kumuuliza shehe kwa siri, naye akasema riziki ya mjukuu ni hesabu ya mjukuu. Lakini bibi alikuwa anajiandaa kwenda mbele ya Nyumba ile ya Makka, na alitaka tumbo lake lifike likiwa safi. Nilipomuuliza, aliniambia nisihuzunike, ni yeye anayeogopa, mimi sina kosa. Alinishika shavu aliposema. Mkono wake ulinukia mawese kama tangu utoto wangu.

Tangu hapo hakuniita mume tena. Mume ni mtu ambaye chakula chake kinaliwa. Aliniita mjukuu wangu, kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kufukuzwa. Wala hakuniambia niache kazi. Alijua ada za wadogo zangu wawili zinatoka wapi. Jioni tulikaa ua mmoja, masufuria mawili, moshi wa majiko mawili ukichanganyika juu yetu.

Tukatangaza hisa zinauzwa. Nilizungumza kwa simu na dalali wa hisa Dar es Salaam, kijana mwenye adabu, akaingiza oda yetu sokoni. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kila nilipompigia alinijibu kwamba upande wa pili hakuna mtu. Bibi hakuelewa. Yeye ni mtu wa soko tangu msichana. Alisema hata samaki wa mgebuka aliyekwisha kulegea hupata wa kumchukua jioni, ukiwa radhi kushusha bei. Tukashusha. Dalali akasema kwa siku bei haiwezi kushuka kupita kiwango kilichowekwa. Tukangoja, tukashusha tena. Hakuna aliyehitaji kipande cha benki ndogo ya Kigoma. Sehemu kubwa ya hisa ilishikwa na watu wachache ambao hawakuuza wala kununua, na sisi wengine tulikuwa makombo yaliyobaki pembeni mwa sahani.

Katikati ya kungoja huko, ziwa lilifungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane. Kibirizi pakawa kimya. Vichanja vilikaa vitupu, wapagazi walilala kwenye mitumbwi iliyogeuzwa. Wachuuzi waliokopa kwetu walikuja dirishani kusema hawana, kisha wakaacha kuja. Mikopo yao ikaitwa mikopo chechefu, na benki ilipofunga mahesabu ilibidi itenge sehemu ya faida kufidia fedha ambazo huenda zisirudi. Faida ikayeyuka. Mkutano wa wanahisa ulifanyika mtandaoni, nikamshikia bibi simu, tukasikia sauti ya mwenyekiti ikikatika katika, ikisema mwaka huo hakuna gawio. Nadhani katika Ujiji yote bibi ndiye mwanahisa pekee aliyesema alhamdulillahi. Meneja wetu aliacha kucheka. Bei ikashuka yenyewe, chini hata ya ile aliyonunulia bibi.

Nilishindwa kuvumilia nikamwambia nitanunua mimi. Wafanyakazi walikuwa na mkopo wa riba nafuu. Ningechukua, ningezinunua zote kwa bei yake ya zamani, na yeye angeandikishwa mwaka ule ule. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Fedha yako inatoka mle mle," alisema. "Nikiizunguka Nyumba ya Mungu, nitakuwa naizunguka pamoja na benki."

Mahujaji wa mwaka ule wakaondoka. Bibi alikuwa na begi aliloninunulisha zamani kwa ajili ya safari, la rangi ya kijani, ambalo hakuwahi kulitumia. Alimwazima jirani yake, mwanamke wa rika lake, akamfungia ndani yake chupa mbili za mafuta ya kupaka magoti. Aliwasindikiza hadi magari yalipowasha injini. Aliporudi alilala mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Miezi mingi baadaye, siku ya kazi, kabla ya adhuhuri, dalali alipiga simu. Alisema amepatikana mnunuzi, amechukua zote kwa mkupuo. Niliacha kaunta na mteja amesimama. Nilipanda bodaboda hadi Ujiji nikiwa na kitambulisho cha kazi kinaruka shingoni. Bei haikuwa nzuri, lakini nilishapiga hesabu njiani. Mtaji ulipungua kidogo tu, akiba yake ya mawese ilikuwepo, na pengo lile mawese ya msimu mmoja yangeliziba. Mwaka unaofuata angekwenda. Magoti yalikuwa bado yanamsimamisha.

Alikuwa uani, anageuza muhogo kwenye turubai. Nilimwambia. Akakaa chini palepale, mkono kifuani, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa binti. Sijapata kuuona tena uso ule. Kisha akauliza nani amenunua.

Nikamwambia haijulikani. Soko lile halionyeshi mnunuzi, na dalali wa upande wa pili haruhusiwi kumtaja.

"Mtu amenunua mali yangu na sitamwona uso?"

"Ndivyo lilivyo, Bibi."

Alichukua kipande cha muhogo akakivunja, kikatoa vumbi jeupe.

"Ni wewe," alisema.

Nikamwambia si mimi. Akasema miezi yote hiyo hapakuwa na mtu, hata kwa bei ya kutupa, na leo ametokea mmoja amezibeba zote bila kupatana. Nikapiga magoti kwenye vumbi la muhogo, na suruali yangu ya kazi, nikaapa kwa Mungu kwamba sikununua hata moja, sikumtuma mtu, sikukopa. Ilikuwa kweli. Ni kweli hadi leo. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama alivyoniangalia nilipokuwa na homa utotoni.

"Ungeapa hata kama ni wewe," alisema. "Unanipenda."

Nilileta taarifa ya akaunti yangu kuonyesha kwamba hakuna mkopo. Akasema karatasi zile tunaziandika wenyewe. Nilimwomba meneja aje, naye akaja, akavua viatu, akaamkia shikamoo, akakaa mkekani na kuapa kwa imani yake kwamba tawi halijanipa mkopo wowote. Bibi alimkaribisha chai, ya kwake, akamwambia, "Mwanangu, na wewe ni mtu wa benki." Shehe naye akamwambia bibi kwamba kiapo kikishatolewa shaka haina nafasi. Alimjibu kwa heshima kwamba amesikia, lakini moyo wake haujasikia. Hakuwa tayari kusimama Makka na kuitika labeka huku anajiuliza amefika kwa fedha ya nani.

Sijui ni nani aliyenunua. Pengine ni mtu aliyekaa ofisini Dar es Salaam, anayeokota kila kilichoshuka bei, asiyejua Kibirizi iko wapi. Alifanya jambo ambalo tuliliomba kwa miezi, na hakuwa na jina la kumtajia bibi. Angekuwa na jina, hata la mtu mbaya, bibi angekwenda.

Fedha iliingia kwenye akaunti yake, ya benki yetu ile ile, na hakuigusa. Uandikishaji wa mwaka ule ukapita, na wa mwaka uliofuata. Benki hailipi chochote kwa akaunti ya namna ile, kwa hiyo ndiyo fedha inayoipenda kuliko zote. Asubuhi nilipofungua mashine niliiona jumla ya amana za Ujiji na nilijua imo humo, fedha ya bibi ya kwenda Makka. Nilijua pia kwamba haikai. Imeshakwenda kwa mwalimu wa Kasulu, imeshakatwa kwenye mshahara wake, imerudi, imetoka tena.

Wadogo zangu walipomaliza shule niliacha benki. Sasa nafundisha vipindi kwenye shule moja ya mjini na naandika, na ninachopata hakitoshi. Siku ya kwanza nilipopokea malipo ya shule nilinunua sukari, nikamwambia imetoka wapi. Alitia kijiko kimoja kwenye chai, kisha cha pili, akanywa mbele yangu hadi mwisho. Nikapata ujasiri nikamwambia sasa hakuna benki tena katika nyumba hii, aitoe ile fedha, tumwandikishe.

"Leo uko nje," alisema. "Siku ile ulikuwa ndani."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Hawezi tena kusujudu, anasali amekaa. Akaniomba kiti. Nikamletea, nikakiweka kwenye mkeka, nikakigeuza kuelekea Makka.